Filimu ya Shati na Sauti ya Tata Mukendi

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha mashini kwa kijana Patrice, naye akauangalia kama anayejiuliza kama bado unafungua kitu. Ninyi wa leo mnaleta sinema kwenye kijiti kidogo cha mfukoni, mnakichomeka, picha inatoka. Sina ugomvi na hilo. Mgongo wangu ungependa kijiti hicho kingevumbuliwa miaka arobaini mapema. Lakini mliniomba niandike kazi ilivyokuwa, ninyi mnaobaki kwenye ukumbi huu wa Kolwezi, basi naandika. Vyeo na mishahara naviacha. Havikuwa vingi, na havimfurahishi msomaji.

Sikuingia ukumbini kwa ajili ya sinema. Niliingia kushona pazia. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, tulikuwa tumeshuka kutoka kaskazini ya Katanga nikiwa mgongoni mwa mama, na nilifundishwa kushona kwenye kituo cha akina mama cha kambi yetu. Pazia jekundu la ukumbi wa wafanyakazi lilikuwa limeliwa na panya upande wa chini. Nilikaa sakafuni siku tatu nikilitengeneza. Siku ya tatu mwanaume mmoja mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaja kusimama nyuma yangu. Aliangalia vidole vyangu, akaondoka, akarudi na utepe mweusi uliokatika vipande viwili.

“Unaona haya matundu ya pembeni?” akaniuliza. “Meno ya mashini inakamata humu. Tundu moja ikipasuka, filimu yote inakufa. Unaweza kuunganisha hii bila kupoteza hata picha moja?”

“Sijawahi, tata.”

“Hata mi sikuwahi, siku ya kwanza.”

Huyo ndiye Tata Mukendi, mwonyesha sinema wetu; tata kwetu ni baba, kwa heshima. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na kampuni, zamani za Wabelgiji, kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, kwenye hospitali ya kambi, na mbali kuliko kote alikokuwa amefika ni Lubumbashi.

Alinifundisha kazi kwa mpangilio ambao nawapa na ninyi, hata kama hamna tena filimu za kushika. Kwanza osha mikono. Pili, usiamini aliyekuambia filimu ni nzima. Ipitishe yote kati ya vidole viwili, taratibu, na kidole kitakuambia palipochanika kabla jicho halijaona. Tatu, futa lenzi kwa kitambaa cha zamani, si kipya. Nne, chupa ya gundi ikifunguliwa, ifungwe. Kwa hili la nne alikuwa mkali kama padri. Niliwahi kuiacha wazi nikaenda kula. Niliporudi alikuwa ameketi anaiangalia chupa ile kama mtu aliye matangani.

Kazi yetu ya kila wiki ilikuwa kuonyesha filimu za usalama kwa wachimbaji: vaa kofia, vaa viatu, usisimame chini ya mzigo. Wachimbaji walilala zikionyeshwa. Walikuwa na haki. Wao ndio waliokuwa wakisimama chini ya mzigo. Siku moja tulipofungua sanduku jipya la filimu hizo tulikuta kati yake kopo dogo lisilo na jina. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, na mwanzo wa filimu, pale panapoandikwa kichwa na majina ya waliotengeneza, ulikuwa umekatika na kupotea. Tuliipitisha kwenye mashini tukijua itakuwa habari ya kofia.

Haikuwa. Ilikuwa filimu ya kuchorwa kwa mkono, ya zamani sana, ya dakika nane, rangi zake zimepauka kama chai iliyoongezwa maji. Ndani yake hakuna neno hata moja, ni muziki tu wa kinanda. Mama mzee anaanika nguo kwenye kamba. Upepo unakuja, unachukua shati jeupe la kiume. Shati linatembea mjini. Mwoka mikate analijaribu, halimtoshi. Askari analijaribu, linamfunga shingo. Mpiga tarumbeta analivaa, anapuliza, shati linavimba mpaka linamrusha juu. Mvua inanyesha, shati linalala darajani. Asubuhi linarudi lenyewe kwenye kamba. Yule mama anakuja, anasimama, na mkono wa shati unapepea unamgusa begani. Basi. Inaisha.

Sijui niwaeleze vipi, ninyi mliokua mnaona picha elfu kwa siku. Shati lile halikuwa na uso. Halikuwa na macho wala mdomo. Lakini lilipokaa darajani, mabega yake yalishuka namna fulani, na mtu mzima aliyetoka kazini amechafuka alikuwa anameza mate. Aliyelichora alijua jambo moja: alijua nguo ya mtu hukaaje wakati mtu hayumo.

Miezi baadaye, nilipokuwa naunganisha palipochanika, niliona kitu kwa kioo cha kukuzia. Katika picha tano zinazofuatana, juu kwenye mbingu, pana alama ya dole gumba. Mchoraji alisahau kuosha mkono. Nilimwita Tata Mukendi. Aliinama, akaangalia muda mrefu, akavua miwani.

“Sasa tunamujua,” akasema. “Jina hatuna, lakini kidole tuko nacho.”

Kwa kuwa filimu haikuwa na maneno, Tata Mukendi alichukua maikrofoni akaitilia maneno. Hapo ndipo Kolwezi ilipoipenda. Alisema kwa Kiswahili chetu, hiki cha hapa, si cha redio. “Angalieni ule shati! Iko natoroka! Mama, shati yako inaenda, wee!” Ukumbi ulijibu. Watoto walimfokea askari avue nguo ya wenyewe. Kila Jumapili mchana, baada ya misa ya Wakatoliki na ibada ya Waprotestanti, watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na baada ya filimu kubwa walipiga miguu chini: “Shati! Shati!” Walibishana mpaka nje shati ni la nani. Wajane walisema mwenyewe amekufa. Wake za wachimbaji walisema yuko zamu, atarudi. Walimuuliza Tata Mukendi, naye akasema hajaambiwa.

Miaka ikaenda hivyo, kumi na zaidi. Halafu mambo yakaanza kuvunjika. Mgodi mmoja ukasimama, wa pili ukaporomoka, mashini zikakosa vipuri. Filimu mpya zikaacha kuja. Wakaja waporaji, ile siku ambayo kila mwenye bunduki na kila asiye nayo aliingia dukani. Ukumbini walichukua viti, taa, na hata pazia langu jekundu. Nililiona baadaye limekuwa magauni matatu sokoni. Mashini kubwa waliing'oa. Ile ndogo ya kubeba ilipona kwa sababu ilikuwa nyumbani kwangu, naisafisha, pamoja na makopo manane ya filimu. Shati likiwa moja.

Baada ya njaa huja kutafuta mwenye makosa. Wanasiasa walikuja uwanja wa mpira wakasema shida ya Katanga ni watu wa Kasai, kwamba wamechukua kazi, wamechukua nyumba, warudi kwao. Vijana wakawaita bilulu, wadudu. Mimi ni wa hapa, Muluba wa Katanga, na nilikaa kimya kazini na njiani. Naandika hivyo kwa sababu mtaambiwa na wengi kwamba hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Walikwenda kwa Tata Mukendi mchana. Kundi la vijana lilisimama mlangoni, wengine nawajua kwa majina ya utoto wao. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.

“Tata, rudia kwenu,” mmoja akasema. Bado alisema tata.

“Kwetu wapi? Mi nilizaliwa hapa hapa. Unaniambia nirudie kule sikutokaka.”

“Ni kule baba yako alitokaka.”

Aliingia ndani. Alitoka na mke wake Mama Mbuyi, na mjukuu wao Kapinga wa miaka sita, na magodoro mawili. Walitembea mpaka stesheni kama wengine wote.

Mnaijua stesheni. Fikirieni imejaa maelfu ya watu, kwenye jukwaa, kwenye reli, ndani ya mabehewa mabovu, chini ya mifuko ya plastiki, wiki baada ya wiki, wakingoja treni isiyokuja. Mvua ilikuwa imeanza. Kila asubuhi walizika watoto, kwa surua na kuhara. Niliwapelekea unga mara mbili, nikipitia nyuma. Mara ya pili Mama Mbuyi alinishika mkono.

“Hasemi tena,” akaniambia.

“Nani?”

“Tata. Toka Kapinga alitoka, hasemi. Namuuliza kama anataka maji, ananyamaza. Mama Numbi, mutu ya kusema vile, ananyamaza!”

Kapinga alikuwa amezikwa siku nne kabla. Mimi sikujua. Tata Mukendi alikuwa ameketi kwenye mlango wa behewa la mizigo, mikono katikati ya magoti. Aliniona, akanitikisia kichwa, akaendelea kuangalia mawe ya reli.

Nilirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi nilifunga mashini kwenye blanketi, nikaiweka juu ya pusupusu, ule mkokoteni wa kubebea mizigo, nikaifunika kwa magunia ya makaa. Kopo la Shati nililifunga tumboni kama mtoto. Kwenye njia ya kuingilia stesheni vijana walisimama na fimbo.

“Mama, unapelekea bilulu nini?”

“Makaa.”

Mmoja aliinua gunia. Akainua blanketi. Aliiona mashini. Siku hizo mwenyeji aliyewasaidia alipigwa kama wao. Kijana yule aliangalia mashini, akaniangalia mimi, na nikamkumbuka: alikuwa anakaa mstari wa mbele kila Jumapili, anamfokea askari.

“Ni ya Shati?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Ni ya Shati.”

Alirudisha blanketi. “Ni makaa,” akawaambia wenzake. “Mumuache apite.”

Karani wa stesheni alikuwa mtu mwoga na mwema, mchanganyiko wa kawaida. Aliniruhusu nichukue umeme ofisini kwake kwa waya mrefu, akasema kama akiulizwa hajaniona. Tulichagua behewa la chuma lenye milango inayofungika. Akina mama waliziba nyufa kwa nguo mpaka mchana ukawa giza. Watoto waliingia kama sitini, na watu wazima wakasimama nyuma, Tata Mukendi kati yao. Joto lilikuwa la tanuru. Kitambaa cha picha kilikuwa shuka la mtu. Nilipitisha filimu kwenye meno, nikawasha.

Yule mama akaanika nguo. Upepo ukaja. Shati likaondoka kwenye kamba, likatembea, na watoto waliangalia kimya, na mimi nikajua nimekosea. Nimewaletea wenye msiba picha ya kuchekesha. Mwoka mikate alilivaa, likamkataa. Halafu mtoto mmoja, sijui wa nani, akauliza gizani:

“Tata Mukendi, anasema nini?”

Nilisikia mashini tu. Halafu mtu akasafisha koo.

“Anasema,” Tata Mukendi akasema, na sauti ilikuwa imekwaruza kama bawaba, “anasema, hii shati si ya mikate. Inanuka mutu ingine.”

Mtu akacheka. Askari alipofika, watoto walimfokea mpaka behewa likalia. “Vua! Vua! Si yako!” Wanaume wazima walipiga ukuta wa chuma kwa ngumi. Nimeonyesha sinema maisha yangu yote na sijasikia tena ukumbi kama ule. Tulirudia mara saba. Mara ya saba filimu ilikatika kwa joto, nikaiunganisha nikiwa nimepiga magoti, na Tata Mukendi alinishikia tochi akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Kapinga azikwe:

“Funga chupa ya gundi.”

Treni ilikuja baada ya siku mbili. Ilijaa ndani, ikajaa juu. Sikuweza kufika karibu. Niliona mkono wake, au wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ukumbi ulifunguliwa tena, viti vya mbao, mashini ile ile ndogo. Jumapili ya kwanza watu wakapiga miguu: “Shati!” Nilichukua maikrofoni. Nilijua maneno yote. Nilikuwa nimeyasikia kuliko sala. Niliyasema. Ukumbi ulitulia kama maji ya mtungi. Katikati ya filimu sauti ya mzee mmoja ikapaa gizani, yenye hasira:

“Hapana vile! Sema kama Mukendi!”

Jina lile lilikuwa halijatamkwa mle tangu walipoondoka. Mle ndani mlikuwa na watu mia mbili. Wengi kati yao walikuwa uwanja wa mpira wakishangilia. Filimu ikaendelea, shati likafika darajani, na nilisikia watu wanalia, hapa mmoja, pale mmoja, kwa siri, kila mtu akimficha jirani yake. Sikusema tena mpaka mwisho. Nilipowasha taa walikuwa wameshaanza kutoka, hawaangaliani.

Niliendelea kuionyesha, miaka, na nikajifunza kusema kwa namna yangu. Lakini kila Jumapili, kabla ya kufungua mdomo, nilimngoja kidogo. Mtu anaweza kumtamani mwenzake wa kazi vile. Hakuna jina lake zuri. Si mume, si ndugu. Ni yule anayejua utaweka wapi mkono kabla hujaweka.

Halafu filimu ikaanza kunuka siki. Wenye kazi hii wa zamani wanaijua harufu hiyo. Ni kifo cha filimu, hakina dawa. Ilijikunja, ikanywea, matundu yakaacha kulingana na meno. Siku mashini ilipoitafuna mita mbili, niliitoa, nikaifunga koponi.

Dereva mmoja wa treni alikuwa ameniletea salamu kutoka Mwene-Ditu: kuna mzee sokoni, anauza chumvi na sabuni, anauliza kama Mama Numbi bado yuko. Niliomba ruhusa nikapanda treni na kopo langu. Tenke, Lubudi, Kamina, siku sita za njia ya siku mbili. Nilimkuta sokoni. Amekonda, miwani mingine, uzi ule ule. Majirani zake walimwita Mukatanga. Kiluba chake cha Kasai kiliwachekesha, wakasema anakisema kama mgeni, na kweli alikuwa mgeni. Mama Mbuyi alikuwa amekufa mwaka wa pili wa kufika kule.

Mashini haikuwepo. Tulikaa nyumbani kwake dirishani, tukaivuta filimu kwa mkono, picha kwa picha, tukiinua kwenye mwanga. Palipokatika tulipita. Watoto wa jirani walijazana. Aliwaeleza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile, na hawakuelewa neno, lakini walicheka palepale ambapo Kolwezi ilicheka. Tulipofika kwenye dole gumba aliweka lake juu yake. Lilikuwa kubwa mara mia kuliko lile.

“Sasa weye ndio unasema Shati?” akaniuliza.

“Ni mimi, tata.”

“Sema nisikie.”

Nilisema yote, nikiwa na aibu kama siku ya pazia. Alisikiliza amefumba macho.

“Ni muzuri,” akasema. “Hausemi kama mi. Ni muzuri.”

Nilimwachia kopo. Hakukataa. Kesho yake alinisindikiza stesheni, na kwenye jukwaa aliongea Kiswahili kwa nguvu, watu wakigeuka, naye hakujali. Aliuliza habari za kila mtu. Mwisho akaniuliza jambo ambalo nililiogopa tangu Kolwezi.

“Ku nyumba yangu, nani anakaa?”

Sikuliandika jambo hili juu kwa sababu ya haya, lakini naliandika sasa. Nyumba yake ilichukuliwa siku ya tatu baada ya wao kuondoka. Aliyeichukua ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Nimekula mle Krismasi. Nimewapakata mle watoto wake siku walipobatizwa. Ningeweza kusema sijui.

“Ni Kasongo, tata. Mudogo yangu.”

Aliangalia reli. Treni ilipiga honi mara mbili, watu wakaanza kusukumana, na nilifikiri ataondoka bila kuniaga, na angekuwa na haki.

“Iko na batoto?”

“Bane.”

“Umuambie,” akasema polepole, “mulango ya jikoni, wakati ya mvula inavimba. Asisukume. Ainue kidogo, ndio inafunguka.”

Nilipofika Kolwezi mvua ilikuwa inanyesha. Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, na mzigo wangu kichwani, nikamwambia habari ya mlango. Alikwenda jikoni, akauinua kidogo, ukafunguka. Alisimama pale ameshika kitasa.

“Nani amekuambia?” akauliza.

“Mwenye nyumba,” nikamwambia.